UZI: Ukibofya "Kubali zote" unakuwa umekubali nini hasa?

Fundi Kimya (#1)

Wakuu habari zenu.

Kuna swali naulizwa kila nikikaa na watu wakajua kazi yangu ni kutengeneza tovuti: "Kile kibango cha kuki kinachoziba ukurasa, nikikikubali nadhurika?" Siku zote najibu kwa mkato. Leo nimeamua kulimwaga lote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na kuki yenyewe, maana wengi wanaiogopa kwa makosa ambayo si yake. Kuki (kwenye mipangilio ya simu utakuta wameandika "vidakuzi") si programu. Haifungui picha zako, haisomi meseji zako, haifanyi kazi yoyote. Ni kijipande cha maandishi, kikizidi sana kinafika kama herufi elfu nne, ambacho tovuti inakikabidhi kivinjari chako (programu unayofungulia tovuti) na kukiambia: nitunzie hiki, ukirudi nionyeshe. Mara nyingi humo ndani hata jina lako halimo. Utakuta namba ndefu isiyosomeka, basi.

Kwa nini ihitajike? Kwa sababu wavuti ilizaliwa haina kumbukumbu. Kila unapobofya kiungo, seva (kompyuta inayotunza tovuti) inakupokea kama mgeni ambaye haijapata kumwona. Umeingia kwenye akaunti ukurasa huu, ukihamia wa pili haikujui tena. Mwaka 1994 mhandisi wa Netscape, kampuni ya kivinjari, Lou Montulli, alikuwa anashughulikia kazi ya duka la mtandaoni la mteja wao. Mteja hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za vikapu vya watu ambao hata hawajalipa. Montulli akaona kumbukumbu hiyo ikae kwa mnunuzi mwenyewe. Jina alilichota kwa waandika programu wa mfumo wa kompyuta wa Unix, ambao walikuwa wakiita hivyo kipande cha data kinachopokelewa na kurudishwa kilivyo, bila anayekibeba kujua maana yake.

Hapo pa mwisho pashikeni. Anayekibeba hajui maana yake. Ni kama kile kibati cha namba unachopewa ukiacha mzigo mahali pa kuhifadhia mizigo. Mtu akikiokota njiani hakimwambii kitu, ila mwenye daftari anajua namba 47 ni mzigo gani na wa nani. Kuki ni kibati. Cha kukosesha usingizi ni daftari: liko kwa nani, limeandikwa nini, na nani mwingine analifungua.

Nakuja na sehemu ya pili.

Kipanga Mweupe (#2)

Nimeweka kambi. Shusha mkuu.

Binti Mdadisi (#3)

Fundi, kama ni namba tu, inakuwaje nikiangalia viatu kwenye tovuti moja, viatu vilevile vinanifuata hadi kwenye tovuti ya habari? Wiki mbili sasa. Na nilishavinunua!

Fundi Kimya (#4)

Binti Mdadisi umeniingilia sehemu ya pili yote kwa swali moja, haya twende.

Kanuni ni kwamba kivinjari kinarudisha kuki kwa aliyeitoa tu. Tovuti ya viatu haiwezi kusoma kuki iliyotolewa na tovuti ya habari. Ukuta huo upo na unafanya kazi.

Lakini ukurasa mmoja siku hizi haujengwi na mtu mmoja. Ukifungua habari, maandishi yanatoka kwenye seva ya gazeti, ila pale pa tangazo kivinjari chako kinaagizwa: nenda kwa kampuni fulani ukalichukue. Kinakwenda, na kampuni ile nayo inakipa kuki yake. Wewe hujawahi kuandika anwani ya kampuni hiyo maishani mwako, lakini umeshakuwa mgeni wake. Kesho unafungua viatu, na kampuni ileile ipo pale pia. Kivinjari kwa utiifu wake kinairudishia namba yake, na juu yake kinataja kwamba kimetokea tovuti gani. Daftari linaandikwa: namba hii, jana ilisoma habari za mikopo, leo saa nne usiku imetazama viatu, ikaviacha.

Hizo ndizo kuki za mtu wa tatu. Hakuna ukuta uliobomolewa. Kampuni imepanga chumba katika kila nyumba.

Na kwa nini viatu vinaendelea kukufuata baada ya kuvinunua? Kwa sababu daftari linajua ulivitazama, si lazima lijue ulivilipia. Pengine ulilipia kwenye kifaa kingine, au duka halikupeleka taarifa ya malipo. Watu wanadhani hawa wanajua kila kitu. Wanajua mengi, halafu wanakisia yaliyobaki, na mara nyingi wanakisia vibaya.

Kinachoniuma mimi ni kwamba walioandika kanuni waliliona hili mapema kabisa. Waraka rasmi wa kwanza wa kuki, RFC 2109 wa Februari 1997, ulitaka vivinjari visiruhusu kuki za namna hii mpaka mtumiaji mwenyewe achague kuziruhusu. Vivinjari vikubwa vya wakati ule, cha Netscape na cha Microsoft, havikufuata. Biashara ya matangazo ilishaanza kusimama juu ya kuki hizo. DoubleClick, mmoja wa wakongwe wa kazi hiyo, ilikuja kununuliwa na Google kwa dola bilioni 3.1, mpango ukakamilika 2008.

Imechukua zaidi ya miaka ishirini kurudi kwenye ushauri ule, na si kwa wote. Safari, kivinjari cha Apple, ilizifunga zote Machi 2020. Firefox tangu 2019 inazuia wafuatiliaji wanaojulikana bila wewe kugusa kitu, na 2022 ikaanza kuwapa watumiaji wote utaratibu wa kila tovuti kuwa na chupa yake ya kuki, kampuni ikikaa kwenye tovuti kumi inapata namba kumi zisizojuana. Google Januari 2020 walitangaza kwamba Chrome itaziondoa ndani ya miaka miwili. Wakasogeza tarehe. Wakasogeza tena. Julai 2024 wakasema hawaziondoi. Ukikumbuka wenye Chrome wanaishi kwa kuuza nini, hutashangaa.

Mjuzi Asiyejua (#5)

Mnatishana bure humu. Tovuti tunasoma bila kulipa kwa sababu ya hayo matangazo. Mimi sina cha kuficha, wacha wajue napenda viatu. Afadhali tangazo la kitu ninachokitaka kuliko la kitu nisichokihitaji.

Fundi Kimya (#6)

Mkuu hoja yako ya kwanza naikubali nusu. Matangazo yanalipia tovuti, kweli. Ila tangazo la viatu linaweza kuwekwa kwenye makala ya viatu bila mtu yeyote kujua msomaji ni nani. Magazeti ya karatasi yalifanya hivyo miaka yote.

Hiyo ya "sina cha kuficha" nilikuwa naisema hata mimi. Acha nikusimulie kilichoninyamazisha.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza tovuti ya kituo kimoja cha afya. Kazi ndogo: kurasa za huduma, na fomu ya kuomba miadi. Mwenye kituo akataka kujua anapata wageni wangapi kwa mwezi, nami nikafanya kile tunachofanya wote, nikabandika mstari mmoja wa msimbo wa bure wa kuhesabu wageni. Baadaye nikabandika na mwingine, wa kitufe cha kushirikisha ukurasa mitandaoni. Nikalipwa, nikaondoka.

Mwaka ukapita, wakaniita kwamba tovuti imekuwa nzito. Nikafungua ile sehemu ya kivinjari inayoonyesha ukurasa unawasiliana na nani. Nilitegemea kuona majina mawili. Yalikuwa mengi kiasi cha kulazimika kushuka chini kuyasoma. Mistari yangu miwili ilikuwa imeita wenzake, na wenzake wakaita wenzao. Sasa sikilizeni. Fomu yangu niliijenga hivi kwamba mtu akichagua aina ya kliniki, chaguo lake linaonekana kwenye anwani ya ukurasa unaofuata. Na anwani ya ukurasa ndiyo kitu cha kwanza wafuatiliaji wanachokichukua. Kwa hiyo kila aliyeomba miadi, makampuni ambayo mimi mwenyewe siyajui yalipata namba yake ya kuki pamoja na maneno yanayosema anakwenda kliniki gani. Na humo zilikuwemo kliniki ambazo mtu hamwambii hata ndugu yake.

Hakuna aliyedukua. Mlango niliufungua mimi. Ilani ya faragha ya tovuti ile, iliyosema "hatutoi taarifa zako kwa yeyote", niliinakili kutoka tovuti nyingine nikabadilisha jina. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na haraka. Nikaiondoa mistari yote, fomu nikaijenga upya, wageni tukawa tunawahesabu wenyewe kwenye seva yetu. Lakini yaliyokwisha kwenda yalikwenda, hakuna mahali pa kuyafuata.

Kwa hiyo mkuu, kwenye viatu huna cha kuficha. Sawa. Ila namba ni ileile moja. Haibadiliki ukitoka kwenye viatu ukaingia kwenye ugonjwa, au deni, au kutafuta kazi ukiwa bado umeajiriwa.

Mjuzi Asiyejua (#7)

Hapo umenibana. Nasoma tu sasa.

Ukurasa wa Pili (#8)

Ilani ya kunakili, duh! Fundi na wewe umo.

Turudi kwenye kibango chenyewe. Mbona "Kubali zote" ni likitufe likubwa linang'aa, na kukataa mpaka uingie sijui "Dhibiti chaguo", uzime vitu arobaini?

Fundi Kimya (#9)

Kwa sababu aliyekipanga anajua umekuja kusoma, hukuja kuzima vitu. Uchovu wako ndio mtaji wake.

Vibango vyenyewe vimeletwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018. Tovuti inayowahudumia au kuwafuatilia watu wa huko inabidi iifuate hata kama yenyewe iko kwingine, na wengi wakaona ni rahisi kumwonyesha kila mtu kibango kilekile.

Wakili Asiye na Joho (#10)

> Fundi Kimya alisema: Vibango vyenyewe vimeletwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR

Samahani Fundi, hapo umeteleza kidogo. Uzi ni mzuri, sitaki ubaki na kasoro.

Takwa la ridhaa kabla ya kuweka kuki halikuanza na GDPR. Liko kwenye agizo la faragha katika mawasiliano ya kielektroniki la 2002, lililorekebishwa 2009 likadai mtumiaji akubali kwanza. Kifungu ni cha 5(3). Na hakitaji neno "kuki" hata. Kinasema kuhifadhi taarifa kwenye kifaa cha mtu au kusoma zilizomo, kwa hiyo mbinu nyingine za kukufuatilia nazo zinaingia. GDPR ilichofanya ni kukaza maana ya ridhaa: iwe ya hiari, ya jambo mahususi, mtu awe ameelezwa, na aonyeshe kwa kitendo. Ndipo vibango vikafurika.

Oktoba 1, 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Planet49, ikasema kisanduku kilichowekwa tiki tayari si ridhaa. Kunyamaza si kukubali. Na hilo la kitufe kimoja cha kukubali na safari ndefu ya kukataa, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, mapema Januari 2022 ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa kosa hilohilo: kukataa hakukuwa kwepesi kama kukubali. Baada ya hapo ndiyo mkaanza kuona "Kataa zote" inasimama jirani na "Kubali zote".

La mwisho, wenye tovuti wengi hawalijui: kuki ambazo huduma haiwezi kwenda bila hizo, kama ya kukutambua ukiwa ndani ya akaunti au ya kikapu, haziombewi ridhaa. Tovuti yenye hizo tu haihitaji kibango cha kuomba ruhusa. Inatosha ieleze.

Fundi Kimya (#11)

Nimekosolewa kwa haki, Wakili. Wasomaji chukueni maelezo yake, yangu ya #9 yaacheni.

Na hiyo pointi ya mwisho mimi naitumia kama kipimo. Kibango kikiniambia "tunatumia kuki ili tovuti ifanye kazi vizuri", najiuliza: kama ni hilo tu, unaniomba ruhusa ya nini? Ukiona umeombwa, jua kuna zaidi.

Kuna mtego mmoja wanaukosa hata wajanja. Ukiingia "Dhibiti chaguo" unakuta swichi zote zimezimwa, unafurahi, unahifadhi na kutoka. Rudi utazame vizuri. Mara nyingi pana kichupo cha pili kimeandikwa "maslahi halali", na humo swichi zimewashwa tayari. Maana yake kampuni inadai ina sababu yake ya kutumia data yako bila kukuomba, na kazi ya kupinga wamekuachia wewe. Halafu gonga pale palipoandikwa "washirika wetu" uone idadi. Mimi nimekutana na tovuti za washirika mamia. Mtu ana washirika mamia na bado anasema "tunajali faragha yako".

Mbayuwayu (#12)

Naomba kutoka kidogo kwenye matangazo. Jamaa yangu alitekwa akaunti yake na ana uthibitisho wa hatua mbili, hakumpa mtu namba ya uthibitisho wala nywila. Kuna mtu akasema "wameiba kuki". Inawezekana?

Fundi Kimya (#13)

Inawezekana sana, na hii kwangu ni hatari zaidi ya viatu.

Ukishaandika nywila na ile namba ya uthibitisho ya simu, seva inakupa kuki ya kikao. Kuanzia hapo haikuulizi tena nywila, inatazama kibati tu. Aliye nacho ni wewe. Hatua mbili ulishazivuka, na mwizi wa kibati anaanzia ulipofika.

Zamani ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Oktoba 2010 ilitoka nyongeza ya Firefox inaitwa Firesheep, aliyeitengeneza alitaka kuwaaibisha wenye tovuti. Ukikaa kwenye waifai ya wazi, inakuorodheshea watu waliopo na akaunti zao, unabofya jina la mtu umeingia kama yeye. Haikuvunja nywila yoyote. Tovuti kubwa za wakati ule zilikuwa zinasimba ukurasa wa kuandikia nywila peke yake, kisha kuki inasafiri wazi kwenye kurasa zilizobaki. Baada ya fedheha ile HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa) ikaanza kusambaa kwenye kurasa zote.

Siku hizi wizi unafanyika ndani ya kifaa chenyewe. Mtu anapakua programu ya wizi, ile inayovunjwa ili isilipiwe, kumbe imebeba kirusi ambacho kazi yake ni kukomba kuki zote za kivinjari na kuzituma. Nadhani jamaa yako apekue alichopakua karibuni. Na kubadilisha nywila peke yake kunaweza kusitoshe. Aende kwenye mipangilio ya akaunti, atafute "ondoka kwenye vifaa vyote". Hapo seva inafuta namba ile kwenye daftari, na kibati cha mwizi kinageuka bati. Ila kifaa akisafishe kwanza, asije akapewa kibati kipya kikaibiwa palepale.

Upande wetu watengenezaji tuna alama za kuweka juu ya kuki. Secure, isisafiri bila HTTPS. HttpOnly, msimbo uliopenyezwa kwenye ukurasa usiweze kuisoma. SameSite, isiandamane na maombi yanayoanzia tovuti nyingine. Zote tatu ni maneno machache tu kwenye mstari mmoja, na bado kuna tovuti hazina hata moja. Nywila nazo hazitakiwi kuhifadhiwa zilivyo. Zinapitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, kinachobaki hata mwenye tovuti hawezi kukisoma. Ukibofya "nimesahau nywila" halafu tovuti ikakutumia nywila yako ileile ya zamani, kimbia.

Binti Mdadisi (#14)

Hali fiche je? Mimi ndiyo ngao yangu.

Fundi Kimya (#15)

Inakusaidia dhidi ya mtu atakayeshika simu yako baada yako. Ukifunga dirisha, kuki za kikao kile zinafutwa. Lakini ukiwa ndani, tovuti inaiona anwani yako ya IP (namba ya muunganisho wako wa mtandao) kama kawaida, na ukiingia kwenye akaunti umejitambulisha kwa mdomo wako. Tena kuna kukutambua kwa sura ya kifaa: ukubwa wa kioo, fonti, lugha, saa za eneo, namna kinavyochora picha. Kila moja peke yake ni ya watu wengi, zikiunganishwa unabaki karibu peke yako. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilifungua jaribio la hilo mwaka 2010, na sehemu kubwa ya vivinjari vilivyopimwa vilikuwa na sura isiyofanana na kingine chochote. Hii haina kitufe cha kufuta.

Ukurasa wa Pili (#16)

Sasa wewe mwenyewe unafanyaje? Usitupe orodha ya mambo ishirini tafadhali.

Fundi Kimya (#17)

Machache. Kuki za mtu wa tatu nimezizima kwenye mipangilio, mara moja tu, na tovuti karibu zote zinaenda. Nina kizuia wafuatiliaji. Kwenye kibango natafuta "Kataa zote", nisipoiona na habari yenyewe si ya lazima, naondoka. Mambo ya afya na pesa nayafungulia kivinjari tofauti kabisa. Pia kuna ishara inaitwa Global Privacy Control, kivinjari kinaitangazia kila tovuti kwamba hutaki data yako iuzwe. California na majimbo mengine kadhaa ya Marekani yanaitambua kisheria, kwingi kwingine ni hiari ya tovuti. Iliyotangulia, Do Not Track, tovuti nyingi ziliipuuza mpaka ikafa, kwa hiyo siitegemei sana.

Kumbukeni tu kwamba kufuta kuki hakufuti daftari. Kwa hilo unamwandikia mwenye tovuti umuulize ana nini juu yako, na umtake afute. Chini ya GDPR anatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Nimewahi kuomba mahali, wakanitumia faili. Nikakuta wameniweka kundi la "wazazi wenye watoto wachanga". Mtoto wangu yuko sekondari.

Kipanga Mweupe (#18)

😂😂 Wanakisia kweli.

Fundi nimezizima hizo za mtu wa tatu, halafu kwa hasira nikafuta kuki zote nilizokuwa nazo. Sasa nimetolewa kila mahali na nywila hata moja sikumbuki. Humu nimeingilia simu ya mke wangu.

Fundi Kimya (#19)

Mkuu, kufuta zote sikusema! Anza na ya barua pepe, hiyo ukiipata nyingine utazirejeshea humo. Na hapo kwenye simu ya shemeji, ukimaliza bofya "Ondoka".